Sauti ya Marehemu Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Mkutubi, mkuu wangu wa kazi, ametangaza kwamba Jumamosi maktaba yetu itafanya maonyesho ya historia ya mtaa. Anatafuta mratibu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Kumbe na shemeji kanyoosha! Shemeji ni kaka wa mke wangu, mwenye studio ya picha mkabala na maktaba. Alikuja kuleta picha za pasipoti tu, akajikuta mwanahistoria.

Mkutubi akaamua tugawane: shemeji picha za zamani, mimi sauti za wazee. Sauti! Nani anavaa nguo nzuri aende kusikiliza? Shemeji akanitabasamia kama mtu aliyepata paja, akaona mwenzake kapewa shingo.

Acheke. Mimi nina shangazi, na shangazi ana kanda.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata! Ni kanda ya kaseti ya siku lilipofunguliwa bomba la kwanza la maji hapa mtaani. Wote waliozungumza humo wametangulia mbele ya haki. Mmoja wao ni mume wa shangazi, fundi aliyelaza yale mabomba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bomba. Hakuna nakala nyingine. Shangazi anaihifadhi kwenye kopo la biskuti, imeviringishwa kitambaa, na haipigi ovyo, asije akaikata.

Akaniuliza kama nitaitunza. Nikamwambia, “Shangazi, kama mboni ya jicho langu.”

Akanitazama. “Jicho lipi, mwanangu? Hilo linalohitaji miwani?”

Utani wa shangazi bwana! Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeisikiliza kidogo, kwa redio ya kaseti ya jirani. Inaanza vibaya. Watu wanakohoa, mtoto analia, mtu anauliza ndoo yake iko wapi. Hivi ndivyo historia inavyoanza? Nikaona inahitaji utangulizi wa heshima, wa sauti nzito. Sauti nzito ninayo.

Nikairudisha kanda mwanzo, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Nilikusudia maneno mawili matatu tu, kuwafunika wale wanaokohoa. Lakini ufasaha ni kama mafua, ukikupata huchagui wa kumwambukiza. Nikaeleza umuhimu wa historia. Nikaeleza umuhimu wa maji. Nikajieleza mimi nilikozaliwa, nilikosoma, na jinsi cheo cha mkutubi msaidizi kilivyonipita pembeni mara kwa mara. Nikafumba macho kwa utamu wa maneno yangu.

TAK!

Kanda ilikuwa imefika mwisho.

Nikageuza upande wa pili. Mtupu. Nikarudi upande wa kwanza. Ni mimi. Nikapeleka mbele. Mimi. Nikapeleka mbele tena. Bado mimi, naishukuru kamati.

Bomba hayupo.

Ijumaa, 7 Machi

Sikula. Mke wangu akasema nikamwambie shangazi ukweli leo leo. Nikamjibu kwamba ukweli ni kitu kizuri, lakini una wakati wake. Akasema na ujinga nao ungekuwa na wakati wake, tungepumzika.

Mbaya zaidi, shemeji amechapisha picha ya Bomba, kubwa kama mlango, ameshika spana, anacheka. Anasema wakiitazama huku sauti ya marehemu inasikika, watu watalia. Nami nilikuwa karibu kulia palepale.

Kisha wazo likanijia. Bomba alikuwa mwanamume. Mimi ni mwanamume. Nikaingia bafuni na redio ya jirani, nikafungua maji yatiririke, nikabonyeza tena kile kitufe chekundu, nikatoa hotuba ya ufunguzi kwa niaba ya marehemu. Umati niliufanya mwenyewe: nilipiga makofi, nikapiga vigelegele, nikakohoa kwa sauti za wazee mbalimbali. Koo linawaka. Ila kazi safi! Sikuisikiliza tena, maana msanii anajua akipatia.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike nini? Niandike tu.

Ukumbi ulijaa. Shangazi aliketi mbele kabisa, mkabala na picha ya mumewe, amevaa viatu vipya. Nikatoa utangulizi mfupi, kwa mara ya kwanza maishani. Nikawasha redio.

“Wananchi wenzangu!” nikasema mle ndani ya redio. “Maji ni uhai!”

Watu wakaitazama picha. Nikaanza kupumua.

Shangazi akainua mkono. “Zima.” Hakupaza sauti. “Huyo si mume wangu. Mume wangu alikuwa na kigugumizi.”

Nikakimbilia kitufe, vidole vikateleza. Redio ikaendelea, na sauti ya mke wangu ikajaza ukumbi, safi kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodi: “Baba nanihii, unahutubia nani humo bafuni? Toka, watu wanataka kuoga!”

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mkutubi akafunika uso. Shangazi peke yake ndiye hakucheka.

“Kanda yangu iko wapi?” akauliza.

Nikamwambia. Mbele ya wote, maana hapakuwa na mlango karibu. Kicheko kikafa. Shangazi akainama, akashika viatu vyake kana kwamba anataka kuvivua aende zake. Nilitamani sakafu inimeze, lakini hata sakafu ina wa kuchagua.

Kisha akasimama. Akasogea kwenye picha, akawageukia watu. Akasema siku ile Bomba alipanda juu ya kreti, akakwama kwenye neno la kwanza. “Ma-ma-ma-ma…” Watu wakadhani anamwita mama yake, na mama yake akaitika kutoka nyuma! Kabla neno halijatoka, maji yakatoka. Bomba akashuka, akakinga viganja, akanywa, akasema, “Ndiyo hayo.” Hotuba yote ndiyo hiyo.

Aliitoa kwa sauti ya mumewe, kigugumizi na kila kitu. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, kisha wakaendelea kuyafuta bila kucheka. Mama mmoja akasimama akasema siku ile kulikuwa na mtoto akilia, na mtoto huyo ni yeye. Mwingine akakumbuka ndoo iliyopotea. Mpaka maktaba inafungwa, watu walikuwa bado wanasimulia.

Na nani alirekodi yote hayo? Shemeji, kwa simu yake! Mimi, mratibu wa sauti, nilikuwa nimesimama pale na redio mkononi kama muuza mitumba.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kumwomba shangazi radhi. Akanikaribisha, akanipa kiti kibovu. Nikasema yote. Akasema amenisamehe, mimi ni mtoto wa kaka yake, atanitupa wapi? Ila akasema, “Sikuwa naisikiliza, mwanangu. Nilikuwa najua tu kwamba yupo. Sasa kopo ni la biskuti.”

Nililia. Si kwa kuigiza.

Jumatano, 12 Machi

Mkutubi amenipiga marufuku kugusa chochote chenye kitufe. Ni haki yake. Nimeapa mbele ya mke wangu: tangu leo, bila ushauri wa wataalamu, sigusi kumbukumbu ya mtu. Nimekuwa mtu mpya.

Leo wametuletea muswada wa historia ya mtaa, ulioandikwa kwa kalamu ya wino na mwalimu mkuu wa kwanza wa shule yetu. Hazina! Lakini kurasa zimegandana kwa unyevu, hazifunguki. Shemeji kashauri tumsubiri mtaalamu wa nyaraka, atafika wiki ijayo. Kusubiri! Watu wengine hawana moyo wa kazi.

Muswada hauna kitufe. Nimeuleta nyumbani, nimeulaza taratibu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na sabuni kidogo. Kurasa zimeanza kuachiana, moja moja, kwa adabu. Shemeji ataona!

Maji yanageuka buluu. Dalili njema. Uchafu unatoka.