Mama Mwenye Masanduku Matatu

Meli ya kitalii ilipofunga gati asubuhi ile, ilishusha abiria elfu mbili na ushei katika ukumbi wa forodha uliojengwa kwa ajili ya watu mia nne. Madirisha ya ukaguzi yalikuwa manane. Yaliyofunguliwa yalikuwa mawili, na katika moja kati ya hayo mawili afisa alikuwa anatafuta kalamu.

Mtu mwingine angeona uzembe. Mkato aliona shamba lililoiva.

Jina lake halisi lilijulikana kwa mama yake na kwa polisi wawili. Mjini walimwita Mkato, kwa sababu hakuna mahali aliwahi kufika kwa njia wanayopita wenzake. Alikuwa amekwisha kuuza viwanja, biashara nzuri sana iliyokosa kitu kimoja tu, yaani viwanja. Alikuwa na shati lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi, na sauti ya mtu anayekunong'oneza habari njema ambayo jirani yako hatakiwi kuisikia.

Aliingia ukumbini kwa mlango wa wafagizi. Mlinzi wa pale alikuwa mtu wa soga, na Mkato hakuwa mchoyo wa soga. Alivaa kizibao cha njano kinachong'aa, na shingoni alining'iniza kitambulisho alichobaki nacho kutoka semina ya ufugaji wa kuku, amekigeuza upande usioandikwa kitu. Binadamu ana heshima kubwa sana kwa kizibao kinachong'aa. Mwenye nacho akishika na ubao wa kuandikia, anaweza kuhamisha daraja mchana kweupe na watu wakampisha.

Mfukoni alikuwa na bunda la utepe wa kijani.

Hakumsemesha mtu. Alitembea polepole kando ya foleni akitazama masanduku, si wenye masanduku, mara anatikisa kichwa, mara anaandika. Abiria waliokuwa wamesimama saa nzima wakiwa na kofia zao za ukili na pua zilizochubuliwa na jua wakaanza kumfuata kwa macho. Wa kwanza kunasa alikuwa mkandarasi mmoja mstaafu, mtu wa tumbo na pete, aliyesafiri na mkewe. Alimuuliza Mkato kuna jambo gani linaendelea.

Mkato akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mzee wangu, mimi sijasema kitu. Lakini dirisha la nane linafunguliwa saa nne kamili. Ni kwa mizigo yenye utepe peke yake."

Mkandarasi akauliza utepe unapatikana wapi. Mkato akamjibu kwa masikitiko kwamba haupatikani, umekwisha gawiwa kwa wanaohusika. Hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Kitu kinachouzwa, mteja hukitafutia kasoro. Kitu kisichouzwa, mteja hukitafutia pesa. Baada ya dakika tatu mkandarasi alikuwa akimsihi, mkewe akimsaidia kusihi, na noti zilikuwa zimekunjwa ndani ya kiganja kwa ile salamu ya mkono ambayo wakandarasi wanaijua toka ujana wao. Utepe ukafungwa kwenye sanduku. Mkato akawaomba wasimwambie mtu yeyote.

Wakawaambia wote.

Hata haijafika saa nne, familia arobaini zilikuwa zimehama foleni na kujipanga mbele ya dirisha la nane, ambalo lilikuwa limezibwa kwa ubao, na nyuma ya ubao ule palikuwa na stoo ya ndoo na mafagio. Walisimama kwa furaha kubwa, wakiwatazama wale wa foleni ya kawaida kwa huruma. Tuwe wakweli, kwa siku kumi walikuwa wamepanga foleni melini: foleni ya chakula, foleni ya bwawa, foleni ya kupigwa picha na nahodha. Kuwa na foleni ya peke yao ilikuwa ndiyo sehemu ya kwanza ya kifahari katika safari nzima.

Saa nne ikafika, dirisha likabaki dirisha. Saa nne na robo vivyo hivyo. Wakati huo foleni ya kawaida, baada ya kupunguziwa familia arobaini, ilianza kwenda mbio. Mkato ndiye mtu pekee aliyewahi kuboresha huduma katika ukumbi ule, na hakuna aliyemshukuru.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuelekea mlango wa wafagizi, hatua za mtu asiye na haraka. Akakuta zamu imebadilika. Mlinzi wa soga ameondoka, na mahali pake amesimama mwanamke mwembamba ambaye alikuwa akidai kibali hata kwa mfagizi waliyepanga naye nyumba moja. Mkato akamsikiliza akimwambia yule mfagizi kwamba kujuana ni nyumbani, hapa ni kazini. Akageuza kisigino taratibu.

Ukumbini mkandarasi alikuwa ameanza kuulizia kijana wa kizibao. Hakuuliza kwa sauti ya kusihi tena.

Sasa Mkato alibaki na njia moja ya kutoka, ile ambayo ameichukia maisha yake yote: ya mbele, kupitia kwenye meza ya ukaguzi, kama watu. Akajibanza nyuma ya nguzo, akavua kizibao na kitambulisho, akavisukumiza kwenye pipa la taka. Pesa akazihamishia kwenye mfuko wa ndani. Akachungulia.

Pembeni palikuwa na foleni fupi ya wazee na wasiojiweza. Mwisho wa foleni ile, kwenye kiti cha magurudumu, aliketi mama wa miaka kama sabini, amejifunika shuka nyepesi miguuni, kando yake kitoroli chenye masanduku matatu makubwa. Alikuwa peke yake. Mikono yake ilitetemeka juu ya fomu, kalamu ikienda huku, mstari ukienda kule.

Mkato alimwona kama mtu anayezama anavyoliona boya.

"Shikamoo mama. Umeachwa peke yako na mizigo yote hii?"

Mama akaitikia marahaba, akamweleza kwa sauti ndogo kwamba mchukuzi aliyemfikisha pale ameitwa kwingine, na kwamba fomu imemshinda, macho hayaoni na mikono haitulii. Pasi za kusafiria, alisema, zimekwisha gongwa muhuri melini. Kilichobaki ni tamko la mizigo tu, na tamko ni moja kwa familia nzima. Alilisema hilo la familia polepole, kama anayeisomea fomu.

Mkato akainama akashika vishikio vya kiti. Akamwambia asiwe na wasiwasi, leo amepata mtoto. Mama akamtazama usoni kwa muda, akasema Mungu hamtupi mja wake. Kisha akamkabidhi kalamu.

Fomu iliuliza maswali kumi na mawili, na Mkato akaandika hapana mara kumi na mbili bila kusoma hata moja. Mahali pa kuandika mkuu wa familia aliandika jina, lake la kweli, kwa sababu jasho lilikuwa linamtoka na akili ya kubuni jingine ilikuwa imekwenda likizo. Akatia sahihi. Mama akasifu mwandiko wake.

Kwenye meza alikaa afisa wa kike mwenye miwani puani, mtu aliyekuwa amefungua masanduku kwa miaka ishirini na hakuna hata moja lililowahi kumfurahisha. Akauliza kama wako pamoja. Mkato akasema huyu ni mama yake mzazi. Alilisema kwa sauti ya juu, maana mkandarasi alikuwa amefika hatua kumi kutoka pale, anamtazama, anakunja uso, anajaribu kumvisha kizibao kwa mawazo.

"Hakuna cha kulipia?" afisa akauliza.

"Nguo za mama tu na dawa zake."

Afisa akafungua zipu ya sanduku la kwanza. Juu palikuwa na kanga mbili na chupa ya dawa ya kikohozi. Chini ya kanga palikuwa na nywele. Akavuta wigi moja refu, jeusi, lililolala kwenye mfuko wa nailoni kama paka aliyeshiba. Akavuta la pili, la kahawia. La tatu lilikuwa na mawimbi. Akafungua sanduku la pili na la tatu, na kote ikawa hivyo hivyo, yamepangwa kwa rangi na kwa urefu, na kila moja lina lebo ya kiwanda. Akayahesabu.

Waliokuwa karibu wakarefusha shingo. Mkato, ambaye hajawahi kukosa neno tangu aote meno, akalitafuta neno akapata moja.

"Afisa," alisema, "si unajua akili ni nywele."

"Kila mtu ana zake," afisa akamalizia. "Na hizi sitini na nne ni za nani?"

Mkato akageuka kwa mama yake mzazi. Mama alikuwa amejikunyata ndani ya shuka, amekuwa mdogo kuliko alivyokuwa dakika moja nyuma.

"Nilimwambia atangaze," alisema kwa huzuni. "Nikamwambia, mwanangu, sheria ni sheria. Watoto wa siku hizi ukiwaambia kitu wanakuona umezeeka."

Watu wa foleni ya wazee wakaguna. Bibi mmoja mwenye fimbo akasema hata wa kwake yuko hivyo hivyo.

Afisa akaeleza, bila chuki wala upendo, kwamba kuna ushuru, na juu ya ushuru kuna faini ya tamko la uongo, na aliyetia sahihi ndiye mlipaji. Vinginevyo watakwenda wote chumba cha pili, huko wataonyesha tiketi za meli na kuandika maelezo. Tiketi Mkato hakuwa nayo. Akafungua mdomo ili aseme kwamba huyu mama hamjui, hajamzaa, hawajawahi kuonana. Lakini mama alikuwa amemshika mkono, na mkono ule, alishangaa kuona, ulikuwa umetulia kama koleo.

"Mwanangu," mama akamnong'oneza, "yule bwana mwenye pete mbona anakutazama sana? Mnafahamiana? Nimwite?"

Mkato akatia mkono mfuko wa ndani.

Alilipa kwa noti zilizokunjwa kila moja kwa namna yake, nyingine bado na joto la viganja vya watu. Utepe wa asubuhi nzima ukaingia kwenye droo ya serikali, na pesa za utepe zilipokwisha, ikabidi aongeze na nauli ya kurudi nyumbani. Bibi mwenye fimbo akafuta machozi, akamwambia afisa, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mtoto kama huyu kumpata ni bahati. Mkandarasi akasikia. Akamwangalia mwana yule mwema akikunja risiti, akaona kwamba amemfananisha, akaondoka kwenda kumtafuta tapeli kwingine.

Mkato alikisukuma kile kiti kwenda mlango wa nje kwa mkono mmoja na kitoroli kwa mwingine, na njiani damu ikaanza kumrudi. Kwani amepoteza nini? Risiti ina jina lake. Nywele sitini na nne, tena za kiwanda, tena zimelipiwa ushuru. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na mali halali. Akaamua kumwegesha mama kivulini, kisha yeye na kitoroli wapotelee upande wa teksi. Hata alimwonea huruma kidogo.

Mlangoni mlinzi akanyoosha mkono. Hakutaka risiti. Alitaka vile vipande vya lebo vinavyochanwa melini, kimoja kwa kila sanduku, namba zilingane. Mkato akapapasa mifuko kwa mazoea. Mama akatoa vipande vitatu kwenye pochi yake, vimebanwa kwa pini, akampa mlinzi. Kisha akaondoa shuka, akaikunja mara nne, akasimama. Alisimama vizuri, mgongo umenyooka, akashukuru kwa kiti na kukirudisha pale pale mlangoni. Halafu akashika kitoroli.

"Risiti, mwanangu," alisema. "Isije ikapotea."

Mlinzi alikuwa bado anawatazama. Mkato akampa risiti.

Walikwenda pamoja mpaka kwenye teksi, kwa kuwa hakujua aende wapi kwingine. Ni yeye aliyepakia masanduku, na yalikuwa mazito kuliko alivyotarajia nywele kuwa. Mama alikuwa mwenye saluni, alimweleza, saluni mbili na ya tatu inakuja, na kila mwaka hupanda meli mara moja kupumzisha miguu na kununua bidhaa. Alimwona tangu utepe wa kwanza. Alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha magurudumu, hana la kufanya, akamtazama anavyofanya kazi, na kwa kweli alimpendea ule utulivu. Tatizo lake ni moja tu, hakuangalia mlango wa kutokea.

Mkato akamuuliza, na sauti yake nzuri ilikuwa imechakaa, angefanyaje kama yeye asingetokea.

"Angetokea mwingine. Kwenye foleni ndefu hakosekani mwenye haraka." Mama akaketi kiti cha nyuma, akapanga vizuri sketi yake. "Wewe ni wa nne. Wa mwaka jana alikuwa na suti. Wa pili alilia mbele ya afisa, tukaaibika sana. Wewe umelipa kiume, sina neno."

Akafungua pochi, akampa noti moja ya nauli, kwa maana alimwona akiitoa ile yake ya mwisho. Mkato akaipokea kwa mikono miwili. Mwenyewe alishangaa kwa nini, lakini mikono ilikuwa imekwisha kupokea na kichwa kimekwisha kuinama.

"Ahsante, mama," alisema.

"Haya. Safari ijayo usije, wanakariri sura." Alikuwa tayari amevaa miwani na kuanza kuisoma risiti, akifuata mistari kwa kidole kisichotetemeka hata kidogo. "Funga mlango. Taratibu, mwanangu, hii gari ya watu."

Mkato akaufunga taratibu.