Blanketi Zito na Paundi Tatu za Upepo

Jumatatu, 9 Juni

Nimepoteza mke mmoja na blanketi moja zito, Jumamosi tarehe 7, baada ya chai ya asubuhi. Mke ni Lidwina. Blanketi ni lile la mistari, na huu ni mwezi wa sita, baridi ya Songea! Vyote viwili viko Mjimwema kwa dada yake, Asumpta. Sababu: hawezi tena kulala chumba kimoja nami. Miaka ishirini na mbili ameweza, wa ishirini na tatu umemshinda. Kisa kukoroma! Mimi niliyeanza na pampu ya mguu na kopo la gundi, leo nina kompresa yangu Majengo, kibandani mbele ya nyumba, najaza upepo mpaka malori ya Fuso ya mahindi kutoka Madaba. Naachwa kwa kukoroma.

Remmy, mziba pancha wa ng'ambo ya barabara, ameshapata habari. Kaniuliza mbele ya wateja kama mama nimempeleka sevisi. Wakacheka. Nikamwambia aangalie kompresa yake, inakohoa. Wakacheka kidogo tu.

Mpango: kelele zikome, Lidwina arudi, blanketi lirudi.

Jumanne, 10 Juni

Redioni wamesema mkoromaji asilale chali. Jana nikashona gunzi la mahindi mgongoni mwa fulana. Ukigeuka chali linakuchoma, unarudi ubavuni. Wengine wangekwenda kuuliza fundi!

Nimeamka chali. Alama za gunzi uti wa mgongo mzima. Kichwa kinagonga, mdomo mkavu kama kiraka cha zamani. Nimelala usiku kucha na nimechoka kama niliyepakua lori la saruji.

Kibandani nikazamisha tyubu ya mteja kwenye beseni, nikangoja mapovu yanionyeshe tundu. Kushtuka, mikono imo majini hadi viwiko, mteja hayupo, tyubu haipo. Ipo kwa Remmy! Kanipazia sauti toka ng'ambo kwamba mteja alishaona mapovu, ila yalikuwa yanatoka mdomoni kwangu.

Inatosha. Kesho hospitali.

Jumatano, 11 Juni

Daktari ni binti wa Mbeya, anaitwa Tumpe. Kanipa shikamoo mzee. Mzee! Nina hamsini na moja. Kanipima, kilo mia na nne. Kanipima na shingo, kama fundi cherehani. Kauliza kama nasinzia mchana. Nikasema hapana, sijawahi. Akainama kuandika. Aliponiamsha akasema tuendelee.

Anasema nikilala koo linalegea, linaziba, pumzi inasimama, mwili unashtuka, naanza tena. Usiku mzima. Nikamwambia naelewa, valvu mbovu. Akasema karibu na hapo. Anasema ugonjwa huu si wa kuchekwa, unachosha moyo, unapandisha presha. Niache pombe yangu ya komoni jioni, nipunguze ugali, nisiendeshe pikipiki na usingizi. Raha tatu kwa siku moja!

Halafu anataka mtu anayeniona nikiwa usingizini, maana mgonjwa mwenyewe hana habari. Nikasema shahidi yupo Mjimwema, kajifunika blanketi langu.

Alhamisi, 12 Juni

Lidwina amekuja hospitali. Asumpta pembeni yake kama askari magereza. Nilijiandaa kwa mashtaka ya kelele. Nilikuwa na utetezi: kuku wao nao wana kelele na hakuna aliyewahama.

Akamwambia daktari kelele hazijawahi kumsumbua. Alishazizoea, akizisikia ndipo analala. Kinachomwamsha ni zikikatika. Anaketi gizani, anangoja. Zisiporudi anampiga Baba Beda, ndiye mimi, ubavuni mpaka avute pumzi. Kila usiku, si mara moja. Anasema amechoka kuogopa, siku moja atapitiwa yeye na usingizi, kukicha amkute... Hakumaliza. Asumpta akamshika bega. Daktari akaacha kuandika.

Kumbe ananipiga! Miaka yote nimekilaumu kitanda!

Daktari kaandika rufaa: niende Dar kwa mtaalamu, nipimwe nikiwa nimelala. Huenda nikapewa mashine ya kusukuma hewa puani usiku. Lidwina akasema nikapime, nikirudi na majibu naye atarudi. Asumpta akaongeza kwamba shemeji akileta ubishi, hata yeye atakuja kumpiga. Blanketi hakuna aliyelitaja.

Mashine ya kusukuma hewa. Mimi! Nisafiri mpaka Dar kuomba upepo!

Ijumaa, 13 Juni

Hesabu. Gari la kilo elfu moja linataka upepo wa paundi thelathini. Mimi kilo mia na nne, sehemu ya kumi. Paundi tatu. Hata shule ya udaktari haihitajiki.

Barakoa: kitako cha kidumu cha mafuta ya kula, kingo za mpira wa tyubu, mkanda wa begi la zamani la mwanetu Beda. Mrija umepita dirishani, kompresa iko nje chini ya turubai. Kazi safi. Remmy kauliza naziba pancha ya nani chumbani. Kesho asubuhi nampigia Lidwina, nimepona.

Jumamosi, 14 Juni

Paundi tatu ni nyingi.

Kompresa ilipowaka mbwa wote wa Majengo waliitikia. Mashavu yakajaa. Barakoa ikaruka, ikaangusha picha ya harusi. Nikaishikilia kwa mikono, nikawa navuta harufu ya oili. Mara umeme ukakatika. Kimya kizuri. Nikasema nijinyooshe kidogo tu.

Nilichokumbuka baadaye ni mlango uko chini, Remmy yuko juu yangu, ananipiga ubavuni na kuniita Kajetani, Kajetani, we Kajetani! Anasema amezoea kunisikia toka ng'ambo anakolala, aliposikia pametulia akakosa usingizi. Alishampigia Lidwina. Mlango hajasema ataurudishaje.

Lidwina akafika na bodaboda, kandambili mguu huu ya bluu, huu nyekundu, blanketi mabegani. Akanipiga naye, ubavu uleule. Kisha akakaa chini sakafuni akalia. Remmy akatoka nje kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Lidwina akasema Jumatatu basi la alfajiri, Baba Beda, la sivyo usinitafute. Akaniachia blanketi kwa ajili ya safari, akarudi Mjimwema.

Blanketi limerudi! Theluthi ya mpango imetimia.

Jumatatu, 16 Juni

Nilifika stendi mapema kuliko konda. Baridi kali. Nikakaa kwenye benchi na tiketi mkononi, nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Basi limeondoka.

Konda anasema aliona blanketi linakoroma, akadhani ni mlinzi wa stendi. Nimepiga hesabu ya makosa. Blanketi, la Lidwina. Alfajiri, chaguo la Lidwina. Kutokuwepo mtu wa kunipiga ubavuni, Lidwina tena. Makosa matatu, mimi sina hata moja.

Lipo basi la kesho. La nini? Tatizo la kompresa nimeshaliona: ni umeme tu. Remmy ana jenereta. Paundi mbili na nusu, mrija mwembamba, na nimeshapima kidumu kingine.

Ujumbe nimeutuma hivi: Mama Beda, basi limeniacha kwa sababu ya blanketi lako. Majibu ya Asumpta siyataki, nijibu wewe. Unarudi au hurudi? Ndiyo au hapana, mwisho Jumatano saa sita mchana. Nitakuwa kibandani, macho wazi. Ukinikuta nimenyamaza, piga ubavu wa kushoto. Wa kulia bado unauma.