Chipu ya Hadiya

Jumatatu, 3 Machi 2025
Hadiya, mwenzangu wa TEHAMA, kapigiwa makofi! Mzee Iqbal, mkurugenzi wa kiwanda chetu cha minofu ya samaki, katangaza kwamba kuanzia leo kila kompyuta itajithibitisha yenyewe kwa chipu iliyomo ndani, mfumo aliouweka Hadiya. Ikichezewa, seva inaikataa. Miaka tisa ulinzi huo ulikuwa mimi na daftari langu la nywila za wote! Aliyesahau yake alikuja na samaki wawili aina ya sato, nikamfungulia. Nani ataniletea sato sasa? Wivu? Ndiyo, wivu. Unanichoma hadi masikioni. Ijumaa anatangazwa mkuu wa TEHAMA. Lazima niwe mimi.

Jumanne, 4 Machi
Hadiya kaniamkia shikamoo. Nina miaka thelathini na nne! Nimeitika shingo upande. Bernadetta wa uhasibu kamwambia, nikisikia, kwamba siku hizi anafanya kazi bila kumbembeleza Clavery, yaani mimi. Kumbembeleza! Basi nina mpango. Nitahamishia diski ya Hadiya kwenye kompyuta yangu, niingie kwa jina lake, mzee aone kuwa chipu ni pambo tu.

Jumatano, 5 Machi
Saa saba mchana, wote wamekwenda kula. Nimezima ulinzi wa kompyuta yangu, nikachomeka diski yake, nikawasha. Skrini ikadai ufunguo wa tarakimu arobaini na nane! Kumbe diski inaitii chipu ya kompyuta yake tu. Nikajaribu tarehe ya kuzaliwa ya Hadiya. Nikajaribu yangu. Wapi! Nimeirudisha kwake, skrubu moja ikabaki mfukoni. Kisha balaa: seva imeikataa kompyuta yangu mwenyewe, eti haiaminiki.

Alhamisi, 6 Machi
Siwezi kusoma hata barua pepe. Nimepita soko la Mkuyuni asubuhi, nikanunua sato wawili, nikampelekea Hadiya ili anifungulie. Kafungua kwa dakika mbili. Samaki kawakataa, kasema ni kazi yake. Majivuno gani haya!

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu ni Hadiya. Mimi msaidizi wake. Mkutanoni kaeleza kwamba kaka Clavery alijitolea kuujaribu ulinzi, ukamshinda, nikapigiwa makofi. Baadaye kaniita pembeni, kasema kumbukumbu za seva zimemwonyesha kila kitu, hatamwambia mzee, ila nisirudie. Ana roho nzuri. Inaudhi kweli! Nimeshika kichwa jioni nzima, na kosa langu nimeliona. Nilihamisha diski, chipu nikaiacha. Jumatatu naibandua chipu.