Nilivyoomba Nafasi Bila Kuonyesha Kwamba Naitaka

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamua. Naomba shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha, hapa hapa Guangzhou. Kazi yenyewe ni kuwarudishia watu maneno: waliopatwa na kiharusi, watoto wenye kigugumizi, na wengineo. Msichana wa ofisi ya udahili kaniambia nafasi za wageni mwaka huu ni mbili, na moja imeshapata mtu. Imebaki moja.

Sababu ninayo, ila sitaiandika popote zaidi ya humu. Ni Bi Hasna, mwenye mgahawa wa mtaa wa Xiaobei. Mzanzibari. Ndiye aliyenipokea miaka saba iliyopita, nilipofika na begi moja na namba ya simu ya mwenyeji asiyepokea. Mwaka jana kiharusi kilimnyang'anya maneno. Mama aliyekuwa akigombana na wauza samaki watatu kwa mpigo, akabaki na dua zake na neno moja la sokoni: bu yao, yaani sitaki. Ukimpa chai anasema bu yao, kisha anaipokea na kuinywa. Kila asubuhi nakaa naye kabla sijaenda soko la Zhanxi kuwanunulia wateja wangu viatu. Miezi kumi na minne sasa nabahatisha. Nataka kukijua ninachokifanya. Nataka sana, mpaka naogopa.

Lakini kutaka ni siri. Mimi ni mnunuzi, na Zhanxi imenisomesha: kiatu unachokitaka usikitazame. Shika cha pembeni. Kiponde. Sema umeona kizuri zaidi ghorofa ya tatu. Kisha ondoka taratibu, laoban, yaani mwenye duka, mwenyewe atakuita. Sijawahi kuona mwenye duka asiyeita.

Jioni Odette kaniuliza picha za pasipoti zinapigwa wapi. Huyu ni wa Lubumbashi, ananunua nywele za kusuka. Kwao alikuwa mwalimu. Kumbe naye anaomba. Nafasi ileile! Nikamuuliza ataandika nini kwenye maelezo yake. Akasema ataandika kwamba anaitaka nafasi na kwa nini. Nimemhurumia.

Jumatano, 7 Mei

Barua ya maelezo binafsi. Kurasa mbili, kwa Kiingereza.

Rasimu ya kwanza niliiandika mgahawani, Bi Hasna mbele yangu akimenya vitunguu saumu kwa mkono mmoja. Niliandika jinsi nilivyomkuta siku moja akifuatisha kasida kwenye simu, maneno yote yamo kinywani, hata yale magumu. Mtu ambaye asubuhi yake alishindwa kuomba chumvi! Nikachukua sauti ya kasida, nikatia chumvi ndani yake. Tukaghani chumvi siku nane. Siku ya tisa akaomba chumvi bila kughani, na mpishi akamwaga mchuzi kwa mshtuko. Niliisoma rasimu hiyo, machozi yakanitoka, nikasingizia vitunguu.

Kisha nikaifuta. Mtu yeyote akiisoma atajua papo hapo kwamba nimenaswa.

Rasimu ya pili ndiyo ya mtu mzima. Nimesema natazama vyuo kadhaa. Nimegusia kwamba maktaba yao pichani inaonekana finyu, kwamba miaka mitatu ni mingi, na kwamba jina la kozi ni refu mno kuandikwa kwenye kadi. Nimemalizia kwamba niko tayari kusikia wana nini cha kunishawishi.

Fomu inauliza pia saa nilizokaa na wagonjwa. Kima cha chini ni thelathini. Mimi ninazo karibu mia nne, zote zimo daftarini, na daktari wa Bi Hasna yuko tayari kuzithibitisha. Nimejaza "thelathini hivi." Mnunuzi hafungui pochi mlangoni. Odette ana thelathini na mbili, alikwenda kukaa pembeni kwenye zahanati ya watoto, na ameambatisha mihuri. Ameonyesha kila kitu alichonacho, maskini.

Ijumaa, 9 Mei

Barua za wadhamini ni mbili. Ya mwalimu wangu wa chuo Dar es Salaam imefika: fupi, baridi, inasema ananikumbuka. Safi kabisa.

Ya pili lazima iandikwe na mtu anayeijua kazi yangu. Nikashuka Sanyuanli kwa Aloyce, wakala wa mizigo, ambaye tumesafirisha pamoja makontena mpaka tumezoeana vibaya. Alitaka kujua tiba ya usemi ni nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni kazi ya thawabu," akaomba dakika ishirini.

Barua inasema ananifahamu kwa miaka sita. Sijawahi kuchelewa. Sivuji. Navumilia unyevu na joto, naweza kupangwa juu ya wengine bila kuharibika, na nimekaguliwa kabla ya kuondoka. Nikamuuliza kama hapo mwisho alikuwa ananizungumzia mimi. Akakiri kwamba alianzia kwenye barua ya masufuria, lakini akaapa kuwa kila neno linanifaa. Nimeitazama tena. Kweli haina papara hata kidogo. Nimeituma.

Jumatatu, 12 Mei

Wameniita kwenye usaili. Alhamisi, saa nne asubuhi. Odette anaingia saa nne na dakika arobaini.

Leo nimefanya mazoezi ya kuondoka. Ni jambo la hatua. Ukienda haraka unaonekana umekasirika, ukienda polepole mno unaonekana unangoja. Nimepima mgahawani, kutoka meza ya kona mpaka mlangoni, hatua kumi na mbili, uso mtulivu. Nimerudia mara sita. Wateja wawili wakadhani chakula kina walakini, wakainuka nao wakanifuata nje. Bi Hasna akaniambia bu yao. Safari hii nadhani alikuwa na maana yake.

Alhamisi, 15 Mei

Usaili.

Walikuwa watatu. Msemaji ni Profesa Liang, mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba. Mpole. Wapole ndio wa kuogopwa, hata dukani.

Akaniuliza kwa nini nataka fani hii. Nikautazama mmea wa dirishani. Nikasema sijasema naitaka, nimepita kuangalia tu. Akaandika kitu. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi na mgonjwa. Nikasema hapa na pale. Akaandika tena.

Kisha akanitega. Aliuliza: mgonjwa amebakiwa na neno moja tu, anajibu kila kitu kwa neno hilo, utaanzia wapi? Sijui kilichonipata. Nikajisahau. Nikasema huanzii kwenye neno, unaanza kwa kutafuta kilichobaki: dua, hesabu, nyimbo, salamu. Nikaeleza habari ya kughani. Nikaeleza kwamba lazima ungoje, kwamba kimya cha dakika nzima si kushindwa, na kwamba ukimmalizia mtu neno lake unakuwa umemwibia. Nilizungumza labda dakika tano. Nilipotazama, wote watatu walikuwa wameweka kalamu chini na Profesa Liang ameegemea mbele. Akauliza taratibu mgonjwa huyo ni nani.

Nikashtuka. Nilikuwa nimekikodolea kiatu macho! Nikajikusanya upesi. Nikasema ni mtu mmoja tu niliyesikia habari zake. Nikauliza kama hawana kozi fupi zaidi ya hii. Nikainuka, nikashukuru, nikaondoka kwa hatua zangu kumi na mbili.

Zhanxi ningeitwa hatua ya nne. Nikafika kwenye lifti. Nikaiacha ishuke bila mimi. Ikarudi. Nikaiacha tena. Hatimaye nikashuka, nikasimama getini dakika arobaini, mvua ya Mei ikininyeshea. Mlinzi akanipa mwavuli na akaniuliza kama nimepotea.

Odette alitoka macho mekundu. Amewaambia yote: mdogo wake mwenye kigugumizi, walimu waliomchapa kwa sababu ya kigugumizi hicho, na yeye aliyekuwa mmoja wa walimu hao. Amelia mbele ya watu watatu. Nikampa pole na nusu ya mwavuli. Niliamini ameshajimaliza.

Jumanne, 20 Mei

Odette amepata.

Alikuja mwenyewe kunieleza, kabla sijasikia kwa watu. Hakushangilia. Nilimpongeza kwa adabu, kisha nikapanda ngazi za mgahawa. Sitajidanganya humu ndani. Nimeumia. Nilikuwa nimeshajiona nimevaa koti jeupe, Bi Hasna ameketi mbele yangu, nami najua la kufanya, sibahatishi.

Bi Hasna aliniwekea sahani ya wali wa nazi na akakaa nami mpaka nikaimaliza. Kisha akanigusa bega na kusema dua yake, ile anayoikumbuka yote.

Jumatano, 21 Mei

Wameita!

Barua pepe, saa tano asubuhi, ya Profesa Liang mwenyewe. Yule mgeni wa nafasi ya kwanza amejitoa. Wameijadili habari yangu. Anasema maombi yangu yaliwachanganya kidogo, barua ya mdhamini mmoja wameisoma mara mbili na bado hawana hakika nayo, lakini jibu langu kuhusu mgonjwa wa neno moja hawajalisahau. Kama bado naitaka nafasi, nijibu ndiyo kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo itarudi wizarani.

Nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya Zhanxi, mikokoteni ikinipita kushoto na kulia. Kutembea kumefanya kazi. Kumechelewa siku sita, lakini duka hili ni kubwa, na umbali wa kuita ni mrefu.

Sasa hapa ndipo wageni wa biashara wanapoharibu. Ukigeuka mwito wa kwanza, umekwisha. Wa kwanza ni wa kukupima. Wa pili ndio bei. Mimi sikutaka mengi, ila miaka mitatu iwe miwili na nusu.

Nilimweleza Odette. Akaweka chini mzigo wa nywele aliokuwa nao kichwani. "Ghalib, weye unaogopaka nini? Andika tu oui, ndiyo, c'est tout." Nikamwambia aliyepata kwa kulia hawezi kuelewa. Nikampigia Aloyce, mtu wa soko, niliyetegemea ataniunga mkono. Akasema, "Mwanangu, hapo hata mimi ningekubali na kufunga mzigo." Nikagundua kwamba Aloyce anazeeka.

Ijumaa, 23 Mei

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Nilifika mgahawani saa tisa alasiri. Odette alikuwa ameshapita na kumsimulia Bi Hasna kila kitu, pamoja na saa ya mwisho. Nikamwamkia. Hakuitikia. Aliniashiria nikae. Akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, midomo ikaanza kuhangaika. Nilijua kuna kitu kinakuja, nikatulia. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili nayo. Kikaja.

"Ghalib. Waambie ndiyo."

Bila kughani! Maneno matatu, yamefuatana, jina langu limetangulia, na kitenzi kimewabeba hata watu wasiokuwepo mezani. Miezi kumi na minne nimeingoja sentensi. Nililia mbele ya wateja na mpishi, na sikuona haya. Hakuna siku nimefurahi hivi tangu nije nchi hii.

Nikatoa daftari, nikaandika saa na dakika. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, maana neno lililotoka mara moja hutoroka, lazima lizoezwe lingali moto. Mara ya tano lilikuwa safi kabisa. Mara ya tisa alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, akaninyooshea kidole kwenye simu. Nikaandika: mkono na usemi sasa vinakwenda pamoja, na hasira zake za zamani zimerudi, dalili njema sana. Mara ya kumi na moja sauti ilishuka ikawa ndogo, mfano wa mtu anayeomba. Nikaandika: anaweza pia kubadili sauti kulingana na hisia. Hilo sikulitarajia mwaka huu.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Chuo kimya. Kimya hicho nakifahamu, mwenye duka akinyamaza ujue anapiga hesabu. Jumatatu wataita mara ya pili, na hapo huenda nikageuka.

Bi Hasna ameelekea ukutani na hataki kunitazama. Nadhani nimemchosha kwa mazoezi, kosa ni langu. Kesho tutaanza na neno jepesi zaidi.