Chupa Sitini na Nne za Siagi ya Biskuti

Jumatatu, 2 Machi
Mvua Brussels nzima. Madamu Ghislaine, bosi wetu, katangaza mbele ya ofisi yote kwamba Ijumaa anachagua mbia mpya wa kampuni yetu ya washauri wa uchumi. Akanitazama mimi. Halafu akaongeza: kama kesi ya siagi ya biskuti haitaharibika. Haitaharibika! Mtu nina udaktari wa uchumi!

Kesi yenyewe nyepesi. Wateja wetu ni watengenezaji wawili wa siagi ya biskuti, ile ya biskuti zilizosagwa ya kupaka kwenye mkate, na wanataka kuungana. Kamisheni ya Ulaya inadai wakiungana watapandisha bei watakavyo. Upuuzi mtupu. Wakipandisha, watu watahamia siagi ya chokoleti, basi. Anayebisha ni nani? Liesbeth! Mchumi wa Kamisheni. Tulisoma pamoja Chuo Kikuu cha Leuven, akanipita alama mbili, na miaka kumi na minne baadaye bado anatembea nazo. Leo kanipigia kuuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama nina ushahidi au nina imani tu. Nimemkatia simu.

Tumekubaliana kufanya jaribio. Jumatano, maduka matatu ya mtaa wa Etterbeek yanapandisha siagi ya biskuti kwa asilimia kumi. Siku inayofuata takwimu zinatufikia sote, saa ileile.

Jumanne, 3 Machi
Nimemuuliza mke wangu, Nele, kama bei ikipanda atahamia chokoleti. Kasema thubutu! Chokoleti ataila nani? Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, adui!

Nimekasirika mpaka mchana. Kisha akili ikanijia. Watu hawataki kuhama? Watahamishwa. Rafu ikiwa tupu watachukua nini, mawe?

Jumatano, 4 Machi
Nimefika dukani kabla mlango haujafunguliwa. Maduka matatu, chupa sitini na nne, kwa bei mpya. Mwenye kaunta kaniuliza kama nalea mayatima. Nikamwambia ashughulike na mashine yake.

Duka la mwisho, kibibi mmoja mwenye koti la kijani kakuta rafu tupu. Chokoleti imejaa pembeni yake, hata hakuigusa! Kachomoa chupa mbili kutoka kwenye toroli LANGU. Nikamkaripia. Akaniambia chokoleti ni ya watoto, na mimi ni mlafi nisiye na haya. Akanigonga ugoko kwa toroli lake na kwenda zake kulipa. Ndiyo maana nina sitini na nne, si sitini na sita. Mguu umevimba.

Chupa nimezificha chini ya ngazi. Kesho Liesbeth ataumbuka.

Alhamisi, 5 Machi
Nimeumbuka mimi.

Kikao Kamisheni. Liesbeth kaweka mchoro ukutani. Bei imepanda asilimia kumi, mauzo ya siagi ya biskuti yamepanda MARA TATU. Chokoleti, palepale. Kasema hajawahi kuona walaji waaminifu namna hii. Wakiongezewa bei ndiyo kwanza wanakimbilia dukani. Akanishukuru kwa jaribio zuri. Akanishukuru! Wanasheria wetu wakanigeukia wote kwa pamoja.

Mauzo. Nilichonunua nacho ni mauzo. Mbona hakuna aliyeniambia?

Ijumaa, 6 Machi
Madamu Ghislaine kaniita, mlango ukafungwa. Kaniuliza kama kuna maelezo yoyote, hata ya kipuuzi, ya kuzifuta takwimu zile. Maelezo yapo! Yako chini ya ngazi yangu! Nikisema, kesi inapona na mimi nafukuzwa kwa udanganyifu. Nikinyamaza, kesi inakufa na ubia unaota mbawa. Nikamwambia takwimu ni takwimu.

Saa sita wateja wakaondoa ombi la kuungana. Saa nane ubia kapewa Bastiaan wa meza ya jirani. Bastiaan! Hajui kutafuta wastani! Wamemkatia keki. Nimekula vipande viwili kwa hasira.

Jumatatu, 9 Machi
Wikendi nzima nimetafuta kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Si langu. Ni la kibibi, la Nele, la Liesbeth, na la Wabelgiji wote wasiojua kuhama.

Madamu Ghislaine kanipa kesi nyingine, kasema ni ya mwisho: chakula cha paka. Safari hii tunatakiwa kuonyesha kinyume, kwamba bei ikipanda wanunuzi hawaondoki. Nilikaribia kumbusu. Hii kazi naijua! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimeagiza makopo mia nne. Nele kanikumbusha kwamba hatuna paka. Nimemwambia aache ubishi. Nitatafuta paka.