Sura ya Kenga Katika Kila Simu

Jumatatu, 3 Novemba

Kyalo anagombea tena! Ametangaza asubuhi pale chini kwenye maegesho, amevaa kaptura, kana kwamba uenyekiti wa jengo ni jambo la kutangazwa magoti yakiwa wazi. Shirika la reli lilimstaafisha zamani. Sisi bado hatujaweza.

Sababu yangu ya kugombea ni moja. Mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo wa bomba kuu. Kyalo anakaa ghorofa ya chini. Maji ya mfereji yakija, mapipa yake hujaa kwanza, kisha ya majirani zake, kisha ndipo anapokumbuka kwamba kuna binadamu huku juu. Sisi wa ghorofa ya tatu tunaoga maji ya kisima, chumvi tupu. Kache, mke wangu, anasema nywele zake zimekuwa katani. Ufunguo huo nitaupata. Kura ni Jumapili.

Na kura yenyewe ni ya kisasa kwa juhudi zangu. Kyalo alitaka watu wanyooshe mikono. Nilisimama nikasema mikono ni mambo ya kizamani. Kila nyumba ipige kura moja kwa simu, katika kundi letu la WhatsApp. Wakapiga makofi. Kyalo akasema sawa, mzee mwenzangu, bora usije ukalalamika. Nilalamike mimi?

Sasa mpango. Simu za watu hapa Tudor zimezeeka. Zinawaka polepole, zinaganda, zinajizima katikati ya mazungumzo. Nimeona katika video namna ya kuziponya. Mafundi huita kuflashi: unafuta mfumo uliokuja na simu, unaingiza mwingine uliofungwa katika faili moja la zip. Kijana wa video haongei. Anaandika tu, na muziki unapiga kama wa harusi. Nimemwelewa vizuri.

Jambo kubwa ni hili. Ndani ya faili hilo unaweza kuweka picha yoyote ambayo itatokea simu inapowashwa. Yoyote! Nimeweka yangu, ile ya suti nyeusi niliyopigwa siku ya kustaafu bandarini. Chini yake nimeandika: KENGA. MAJI KWA KILA GHOROFA.

Bure kwa kila mpiga kura. Kyalo atagawa nini? Kaptura?


Jumanne, 4 Novemba

Simu yangu imelikataa faili langu. Imesema ni bovu. Bovu! Nilikuwa karani wa mizigo maisha yangu yote ya kazi. Nafunga kitu, kinafungika.

Nimekaa na kompyuta aliyotuachia mwanetu Lewis tangu alfajiri. Nimeinuka, nimekaa, nimezunguka meza. Kache ameniuliza kama ni siafu.

Hatimaye nimegundua. Nilifunga faili kibandari. Vitu ndani ya folda, folda ndani ya folda, zote ndani ya zip, kama sahani ndani ya katoni, katoni ndani ya sanduku, sanduku ndani ya kontena. Simu haitaki adabu hiyo. Inataka vitu vitupwe ovyo mlangoni ili ivione mara tu inapofungua. Basi nikavitupa. Roho iliniuma.

Ikakubali! Ikafuta, ikaingiza, ikajizima, ikawaka. Nikaona giza. Kisha nikajiona mimi! Suti nyeusi, tai imenyooka. KENGA. MAJI KWA KILA GHOROFA. Kisha simu ikafunguka, nyepesi kama mpya.

Kasoro ni moja tu. Nikipiga simu, namsikia mtu, yeye hanisikii. Kache anasema hiyo si kasoro.

Auma wa nyumba ya pili, anayefanya kazi katika ofisi ya forodha ya mjini, aliiona ngazini akapenda. Nimemwahidi kumtengenezea yake. Jioni amemletea Kache mahamri. Kura ya kwanza hiyo.


Jumatano, 5 Novemba

Habari zimeenea. Dishon, mwendesha kreni bandarini, ameleta yake. Winnie ameleta yake. Griffins ameleta yake, ina ufa kama ramani. Upande wangu wote wa ngazi umeleta! Nimeziweka ndani ya beseni la kufulia, kila moja na karatasi ya jina. Nilimwomba na Kache yake. Akaitia kifuani, akafunga leso juu.

Nilianza na ya Auma. Kabla ya kuingiza mfumo inabidi uifungue simu kufuli yake ya ndani. Kuifungua huko kunafuta kila kitu. Ilionya, nakiri, lakini kwa maelezo marefu sana. Auma alipita saa nane kuuliza picha za ubatizo wa mtoto zimekwenda wapi. Nilimwambia kwamba simu mpya huwa haina picha. Akanitazama. Akasema bahati yako, Mzee Kenga, dada yangu anazo.

Kisha kikwazo. Faili langu lilikataa kuingia katika simu yake. Likasema limetengenezwa kwa simu ya aina nyingine. Ukiritimba! Simu zote hizi ni nyeusi, zote zina kioo mbele na kamera nyuma. Nikalifungua faili, nikatafuta, nikauona mstari unaofanya ukaguzi. Kazi yake ni kuuliza wewe ni simu gani, na jibu lisipolingana, inafunga mlango.

Mimi niliyekuwa sipitishi kontena bila kulikagua mara mbili nimekaa nikiutazama mstari huo. Nikaufuta.

Baada ya hapo faili liliingia katika kila simu bila swali hata moja. Raha iliyoje mtu anapofanya kazi bila kusumbuliwa!


Alhamisi, 6 Novemba

Hali si nzuri sana.

Simu ya Auma inawaka, inaonyesha sura yangu, inajizima, inawaka, inaonyesha sura yangu. Haiendi mbele. Ya Winnie inafanya hivyo hivyo, ila mimi niko kichwa chini. Ya Griffins inanionyesha nusu, upande wenye sikio. Ya Dishon ni nyeusi kabisa. Nimeipapasa, nimeipuliza, nimeisemesha.

Hazizimiki. Kache amelitazama beseni, wenzangu wote wale wa suti nyeusi wakipepesa, akasema yeye aliolewa na mmoja tu, na hata huyo alikuwa wa kutosha.

Nimechukua tuktuk hadi Bondeni kwa Khubaib, fundi wa simu. Nikamsalimu, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Nikafungua mfuko. Akachukua simu ya Auma, akaitazama kwa huzuni, akanipa pole. Akauliza marehemu alikuwa nani wangu.

Nilimwambia ni mimi.

Alicheka mpaka akashika meza. Akamwita jirani yake wa duka la vitambaa aje amwone mzee aliyejitangazia matanga akiwa hai. Jirani alikuja na wateja wake. Walipomaliza, Khubaib akasema zinaponyeka, lakini kila moja inataka mfumo wake wa asili, na yeye kesho anakwenda Malindi harusini. Atarudi Jumatatu. Akaniambia, "Niachie hapa, mzee wangu. Ukirudi nazo nyumbani wewe utazimaliza." Nikaziacha, laini zikiwa ndani. Akazifungia kabatini.

Kwa watu wangu nimesema kwamba mfumo mpya unajizoesha. Auma ameuliza unajizoesha nini. Nimemjibu unajizoesha yeye.


Ijumaa, 7 Novemba

Dishon amekosa zamu. Kreni ilimpigia, yeye hakupigika. Alipanda ngazi kwa viatu vya kazini, nikamsikia tangu ghorofa ya kwanza. Alisema, "Mzee, mimi nakuheshimu kama baba, lakini baba yangu hakunivunjia simu." Nilimhakikishia kwamba maji yatakapofika juu atasahau. Akasema hajaja kuzungumza maji. Baada ya kunywa chai akatulia, akasema kura yangu iko pale pale. Kijana wa maana.

Nilipata wazo la kuahirisha kura, angalau hadi Jumatano. Nikamshukia Kyalo. Alikuwa anajaza mapipa. Maji matamu yanamwagika mpaka sakafuni! Nikamwambia huenda tunaharakisha mambo. Akafunga mfereji taratibu, akanikumbusha kwamba kura ya simu ilikuwa fikra yangu. Akaniuliza kama nataka turudi kwenye mikono.

Heshima yangu haikuruhusu. Nikamwambia simu ni simu.

Akaniambia nina uso wa uchovu. Nikamjibu kwamba uso wangu uko kila mahali wiki hii.

Jioni sikuweza kutulia. Nikaona nirekebishe kasoro ndogo ya sauti katika simu yangu, ili Jumapili nipokee pongezi. Nimeingiza kipande kimoja tu cha mfumo wa simu ya aina nyingine.

Sasa nayo inaonyesha sura yangu. Sura yangu tu.


Jumamosi, 8 Novemba

Kampeni! Nimepita mlango kwa mlango tangu saa mbili. Winnie ameahidi. Griffins ameahidi. Auma amesema atanipigia kwa sababu amechoka kupandisha ndoo, si kwa sababu nyingine yoyote, na nisimzungumzishe. Dishon ameahidi kupitia mlango uliofungwa.

Upande mzima wa ngazi ni wangu! Nimehesabu tena wakati wa chakula, kisha tena baada ya chakula. Wale wa Kyalo ni wachache kuliko wangu. Namwonea huruma. Leo nimemwona maegeshoni hana habari, anafagia.

Nimemwambia Kache kwamba kesho mchana ufunguo utaning'inia hapa mlangoni. Nimepigilia msumari kabisa. Akauliza watu wangu watapiga kura kwa simu gani.

Nimemwambia asinivunje moyo siku ya mwisho. Wanawake huleta maswali madogo wakati wa mambo makubwa.


Jumapili, 9 Novemba

Nilivaa suti nyeusi. Saa mbili kura ikafunguliwa. Kwa kuwa simu yangu ilikuwa inajitafakari, nilimwomba Kache anisomee matokeo katika yake.

Kyalo mbili. Kenga sifuri. Nikasema watu wangu hulala Jumapili.

Kyalo nne. Kenga sifuri. Nikasema wako kanisani.

Saa nne nikapata kura! Nilisimama, nikapiga meza. Haikudumu. Ilitoka kwa Wekesa wa ghorofa ya kwanza, aliyeandika kwamba kidole kimemteleza na anaomba radhi kwa mwenyekiti. Ikahamishwa.

Ndipo nikasikia vishindo ngazini. Watu wangu wote wanapanda, wanataka kupiga kura, wanataka simu zao. Winnie alitaka apige kura kwa mdomo. Griffins akanyoosha mkono. Akanyoosha mkono! Nilimwambia aushushe, anatuaibisha. Auma aliniuliza mbele ya watoto wa jengo zima kama nimewahi kusikia mgombea aliyewafungia wapiga kura wake kabatini Bondeni.

Hali ikatulia walipochoka. Nikabaki na kura moja ya kutegemea, ya nyumba yangu mwenyewe. Nikamwambia Kache aipige, angalau isionekane sifuri. Akasema alishaipiga mapema.

Nikaangalia. Kyalo.

Nikamuuliza kwa nini. Alisema, kwa upole kabisa, huku akichambua mbaazi, "Baba Lewis, bomba likipasuka mwenyekiti atatafutwa kwa simu. Wewe ukipigiwa, nani atapokea? Ile picha?"

Kenga sifuri. Msumari uko mlangoni. Nimetundika koti.


Jumatatu, 10 Novemba

Khubaib amerudi, na simu zote zimepona kabla ya adhuhuri. Hata ya Dishon! Sura yangu imefutika katika zote. Nimeuliza kama ingewezekana kuibakiza katika moja, kwa kumbukumbu. Khubaib ameniombea dua.

Nimezipeleka mlango kwa mlango. Auma aliipokea yake kwa ncha za vidole viwili. Griffins ameniambia ufa umezidi. Shukrani za siku hizi.

Lakini kuna habari! Watu wangu wamemwendea Kyalo kulalamika kwamba nusu ya jengo haikupiga kura. Na Kyalo, kwa wema wake usio na akili, amesema hataki kiti chenye manung'uniko. Kura itarudiwa Jumapili ijayo. Kwa simu.

Sikulala adhuhuri. Nimetembea kutoka dirishani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi dirishani, nikitafuta kosa langu lilikuwa wapi. Mtu mwenye busara hujichunguza. Kache alipendekeza makosa kadhaa, nikamwomba anyamaze nipate kufikiri.

Nimelipata! Lilikuwa moja, tena dogo. Faili langu halikuwa na tatizo. Kazi yangu haikuwa na tatizo. Nilizichukua tu simu za upande usiofaa. Watu wa Kyalo walipiga kura wote, bila kukosa hata mmoja, kwa sababu simu zao zilikuwa zinafanya kazi.

Saa kumi nimeshuka ghorofa ya chini, nimemsalimu mke wa Kyalo kwa heshima, na nimemwambia kwamba simu yake naiona imechoka.