Ombi la Kusajiliwa Kuwa Mtoto wa Kumi

Wakiuru wa Ndungu,
Jirani ya Cucu Wakonyo,
Juu ya kiwanda cha kahawa,
Mukurweini.

Kwa Mkurugenzi,
Mpango wa Ruzuku ya Malezi ya Watoto.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: OMBI LA KUSAJILIWA KUWA MTOTO WA KUMI

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na wote walio chini ya uangalizi wako. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Mukurweini. Ningekuja ofisini kwako, lakini mimi si hodari wa kusema mbele ya watu. Hata darasani, mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, mimi huangalia daftari mpaka aulizwe mwingine. Kwa maandishi huwa najikaza.

Nakuandikia kuhusu kituo cha Cucu Wakonyo. Yeye si nyanya yangu wa damu. Ni jirani, nasi sote humwita cucu kwa heshima ya umri wake. Asubuhi mama zetu wanapokwenda kuchuma kahawa au kupeleka ndizi sokoni, huwaacha watoto kwake. Mmoja wa watoto hao ni ndugu yangu Mwai, ambaye hajafika miaka miwili na ambaye huuma.

Likizo hii ofisa wako, Bwana Abdinasir, alitoka Nanyuki kuja kukikagua kituo. Sina lalamiko juu yake. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanywa chai yote, na Mwai alipomuuma alisema si kitu. Alituachia ripoti pamoja na Mwongozo wa Viwango vya Ubora. Mwongozo huo nimeusoma wote, kwa sababu mimi husoma chochote chenye maandishi, hata gunia la mbolea. Ripoti inasema kituo hakistahili ruzuku, na kwamba kikikosa ruzuku kitafungwa shule zitakapofunguliwa.

Cucu amesema hawezi kushindana na serikali. Atakwenda Kangema kwa bintiye, wachume majani chai pamoja. Naye Mama ameniambia, "Wakiuru, utakaa tu na Mwai hii term moja, halafu tutaona." Mheshimiwa, sijui kwenu, lakini hapa kwetu tunajua "tutaona" huishia wapi. Dada ya rafiki yangu Magdaline aliambiwa tutaona. Sasa ana watoto wawili, na sare yake ya shule imeshonwa mito.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Idadi. Mwongozo unasema ruzuku hutolewa kwa kituo chenye watoto wasiopungua kumi. Bwana Abdinasir alipouliza wako wangapi, Cucu alijibu, "Wako tu, Mungu ametuonekania." Ofisa akamwomba nambari. Cucu akaangalia dari, akaangalia mlango, akasema ni tisa. Kwa kuwa Bwana Abdinasir ana adabu, hakutaka kuonekana akimhakiki mtu wa umri ule, akaandika tisa. Mimi pia sikuwahi kuwahesabu. Kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia balaa. Nilijaribu mara moja nikiwa mdogo, nikapigwa mwiko wa mkononi nilipofika wa nne.

2. Maziwa. Mwongozo unataka maziwa ya watoto yatoke kwenye pakiti iliyofungwa na yenye tarehe. Ya watoto wetu hutoka kwa Rosi, ng'ombe wa Cucu, ambaye hana tarehe, kisha huchemshwa. Yanayobaki huchukuliwa na chama cha ushirika, hupelekwa kiwanda cha maziwa, hutiwa kwenye pakiti, na hurudi katika duka la Kahiga hapa chini. Hapo yanakubalika. Nimelifikiria jambo hili kwa makini na naona kosa la Rosi ni ufupi wa njia. Napendekeza agongwe muhuri.

3. Vifaa vya kuchezea. Ripoti inasema vigunzi vya mahindi vilivyovishwa vitambaa "havimwandai mtoto kwa mazingira yake". Inapendekeza gari la moshi la plastiki. Mazingira yetu yana vigunzi vingi sana, Mheshimiwa. Gari la moshi halijafika.

4. Choo. Kinatakiwa kiwe na mlango wa kufungwa kwa ndani, kwa ajili ya heshima ya mtoto. Nilipomsomea Cucu sehemu hii alisema, "Ati afunge na ndani? Na huyu Mwai akijifungia, nitamtoa na nini? Na maombi?" Nimeutafuta mwongozo wa kumtoa, sijauona.

5. Utaratibu wa ruzuku. Ukurasa wa tano unasema ruzuku hupewa kituo kilichotimiza viwango. Ukurasa wa sita unasema kituo kitatimiza viwango kwa kutumia ruzuku. Nilidhani nimeruka karatasi katikati, nikarudi, nikakuta sikuruka. Nilimpelekea mwalimu wetu wa hesabu nyumbani kwake nikijifanya ni fumbo tu. Alikaa nalo asubuhi nzima, akasema swali la namna hiyo haliwezi kuwekwa kwenye mtihani kwa sababu wazazi wangelalamika.

Hata hivyo, sikukata tamaa, kwani ukurasa wa mwisho una huruma. Unasema kwamba kasoro nyingine zote zinaweza kuvumiliwa kwa mwaka mmoja, isipokuwa ya idadi. Kwa maneno mengine, Rosi, vigunzi na choo vinasubirika. Kinachotufunga ni mtoto mmoja tu aliyekosekana. Niliwaza tutampata wapi. Kuzaa huchukua muda mrefu, na shule zinakaribia kufunguliwa. Ndipo nilipojiona mimi mwenyewe.

6. Naomba nisajiliwe kuwa mtoto wa kumi wa kituo cha Cucu Wakonyo. Silifanyi hili kwa ujanja. Mwongozo wako, ukurasa wa pili, unaeleza hivi: "Mtoto ni mtu yeyote anayeshinda mchana kutwa chini ya uangalizi wa mtu mwingine, na asiyeweza kula, kulala wala kwenda msalani bila msaada au ruhusa." Umri haukutajwa. Nimeutafuta hata katika maandishi madogo ya chini.

Mimi nashinda shuleni mchana kutwa nikiangaliwa. Nakula kengele ikilia, na isipolia sili. Kwenda msalani, lazima mwalimu anikabidhi kibao chenye jina la darasa, nikibebe nikipita mbele ya ofisi ya walimu ili kila mtu ajue ninakokwenda. Mtoto wa Cucu husema tu "kojo" na huruhusiwa. Kuhusu kulala, baada ya kula githeri ya saa saba darasa letu hulala karibu lote katika somo la historia, tena bila godoro, wakati Mwongozo unaagiza kila mtoto awe na lake. Tena kuna jedwali la maendeleo ya mtoto. Linasema kufikia miaka mitatu mtoto aweze kumjibu mgeni kwa sentensi kamili. Bwana Abdinasir alipofika na kunisalimia, nilijificha jikoni. Nafikiri kwa kigezo hicho mimi ni miongoni mwa watoto wanaohitaji ruzuku haraka zaidi.

7. Isionekane kwamba najitafutia mimi peke yangu. Mwongozo unataka mlezi mmoja kwa watoto kumi. Darasani kwetu mwalimu mmoja huangalia sisi sitini, na Ijumaa huangalia pia darasa la jirani kupitia dirishani. Kama mimi ni mtoto, basi na hao wote ni watoto, na shule yetu ni kituo cha malezi kisichotimiza viwango. Naomba wenzangu wafikiriwe baadaye. Magdaline ameniambia akipewa godoro na ndizi ya saa nne atarudia kidato cha tatu kwa hiari yake.

8. Baada ya hapo fikira zangu zilikwenda mbali kidogo, na naomba radhi. Bwana Abdinasir alipokuwa kwetu alipiga simu ofisini kuomba ruhusa ya kwenda kula. Hakupewa. Alipiga tena kuuliza kama anaweza kuondoka kabla ya mvua, akaambiwa asubiri, akanyeshewa. Kwa maelezo ya ukurasa wa pili, naye anastahili. Halafu niliusoma utangulizi uliouandika wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ambamo unasema kazi hii yote umeifanya "chini ya uangalizi wa karibu wa wakubwa wangu". Sikutaka kufika huko, ila maneno ni yako. Lakini kituo kikipita watoto kumi, Mwongozo unadai mlezi wa pili, na Cucu yuko peke yake. Kwa hiyo kwa sasa naomba mimi tu, na ninyi wawili mtasubiri. Nafasi ikipatikana, kuna mahali pazuri karibu na dirisha, jua la asubuhi hufika. Angalieni tu msilale karibu na Mwai.

9. Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Ukurasa wa tatu, mstari wa kwanza, umeandikwa hivi: "Mtoto asiachiwe kulea mtoto." Mstari huu nimeusoma mara nyingi kuliko mingine yote. Nimeusoma hata kwa sauti, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Mheshimiwa, kituo kikifungwa kwa sababu ya viwango, kesho yake nyumbani kwetu mtoto ataachiwa mtoto, na nyumba yetu haitakaguliwa na mtu. Mwai hatakuwa na maziwa yenye tarehe wala yasiyo na tarehe, kwa kuwa Rosi ni wa Cucu. Hatakuwa na kigunzi. Atakuwa na mimi tu, na mimi nitakuwa nikiangalia njia saa wenzangu wanapopita na vitabu. Naomba nihesabiwe mtoto mapema, kabla sijafanywa mama.

Nikikubaliwa, naahidi kutokisumbua kituo. Nitafika jioni baada ya masomo, nitakula kitakachobaki, sitaomba kubebwa, na nitawasomea wengine hadithi, kwa kuwa hao siwaonei haya.

Wasalimie wote hapo ofisini: karani anayepokea barua, dereva aliyemleta ofisa na kusukuma gari kwenye tope letu bila kulalamika, askari wa langoni, na wakubwa wako wanaokuangalia kwa karibu. Bwana Abdinasir mwambie alama ya meno hupotea baada ya siku chache. Cucu anawasalimu, Mama anawasalimu, na Rosi, kama nafasi inaruhusu, pia.

Ni mimi mtoto wako mtarajiwa,

Wakiuru wa Ndungu.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Cucu, nikimtafsiria kwa Gikuyu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa wewe umesoma hizo vitabu zote, na hujui watu hawafikishwi huko?" Nilimuuliza huko wapi. Hakupataja. Akaniambia nimkumbushe mabinti walioanzisha koo zetu walikuwa wangapi. Nikasema tisa, kama nilivyoandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Akasema vizuri, tisa, na kila mzee anajua kuna mmoja zaidi ambaye hatajwi, ili idadi isikamilike na kitu kibaya kisisikie. Watoto nao huhesabiwa vivyo hivyo, na anayeachwa ni yule mdogo kuliko wote. Kwa Cucu, mdogo kuliko wote ni Mwai.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nafasi niliyoiomba kwa kurasa zote hizi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Tafadhali futa hoja ya sita hadi ya tisa. Mimi si mtoto. Nina miaka kumi na sita, na msalani naweza kwenda peke yangu. Futa pia kichwa cha barua, maana Cucu amenikataza kuiandika ile nambari inayofuata tisa na tayari nimeiandika mara kadhaa. Idadi kamili siwezi kukutumia, wala yeye hataisema hata kwa ruzuku. Naomba Bwana Abdinasir arudi, awahesabu kwa macho, kimoyomoyo, na akaiandike akishafika Nanyuki. Nafikiri ataelewa. Alituambia babake huuza mbuzi, na Cucu anasema hajawahi kumwona mwenye mbuzi akimtajia mgeni kundi lake lote.

Akija shule zikiwa zimefunguliwa, mimi hatanikuta, nitakuwa darasani. Ambaye hakuhesabiwa atamtambua mwenyewe. Ni yule anayeuma.